Chewa, Tema Mwezi Wetu!

Huyu ni Zuwena. Ana miaka sita. Meno mawili ya mbele hana, na wala hajali.

Zuwena alizaliwa Pemba. Sasa anakaa na mama yake mbali, mbali, kaskazini kabisa, kwenye mji wa theluji.

Huko, wakati wa baridi, jua halichomozi. Asubuhi giza. Mchana giza.
"Jua limelala," husema Mama. "Lakini wewe shule utakwenda."

Nyumba ya chini yao anakaa Mzee Odvar. Hasalimii. Hacheki. Zuwena akiruka kamba kidogo tu, mzee hugonga dari kwa fagio.
Ko! Ko! Ko!

Siku moja, alasiri, Bibi alipiga simu kutoka Pemba.
"Shikamoo, Bibi!"
"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mwezi unapatwa. Chewa ataung'ata!"

Zuwena anamjua chewa. Ni samaki mwenye mdomo mkubwa kama mlango. Akiung'ata mwezi, watu hutoka nje na kupiga masufuria, mpaka auteme.

"Lakini huku mvua," alisema Bibi. "Mawingu tele. Mwezi siuoni. Utanionea wewe. Na hiyo sufuria niisikie!"
"Utaisikia, Bibi. Naahidi."

Zuwena akabeba sufuria ya pilau. Mama akabeba simu.
"Mwanangu, chewa huyo hayupo," alisema Mama. "Ni kivuli cha dunia."
"Bibi anajua?"
"Anajua sana. Alikuwa mwalimu wa jiografia."
"Sasa sufuria ya nini?"
"Muulize mwenyewe. Ila upige taratibu. Watu wa hapa wanapenda kimya."

Wakatoka nje. Kru, kru, kru, ililia theluji chini ya viatu.
Mwezi ulikuwa juu ya mlima. Mweupe. Mviringo. Mzima.

Halafu… nyam! Pembeni ukaingia weusi.
"Bibi! Ameanza!"

Zuwena akapiga sufuria kwa glavu zake nene za sufu.
Pu. Pu. Pu.
*Chewa, chewa, tema mwezi!*
*Mwezi si wako, ni wetu sote!*

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Bibi kwenye simu. "Unapiga mto?"

Zuwena akavua glavu. Uuuwi! Baridi ikamng'ata vidole. Akazivaa tena, mbio mbio.

Nyam! Mwezi ukazidi kuliwa.
"Bibi hasikii," alisema Zuwena. Machozi yakamlenga. "Na mimi niliahidi."

Mama akatazama madirisha ya majirani. Akamtazama Zuwena. Akatia mkono kwenye koti, akatoa mwiko.
"Nilijua tu," alisema. "Haya. Piga!"

KWANG'! KWANG'! KWANG'!
*Chewa, chewa, tema mwezi!*
*Mwezi si wako, ni wetu sote!*
"Ehee!" alicheka Bibi. "Hiyo sasa ndiyo sufuria!"

Taa ikawaka. Mlango ukafunguka. Mzee Odvar huyo, na fagio mkononi!
Zuwena akajificha nyuma ya Mama.

"Kelele za nini?"
Zuwena akachungulia. Akamjibu kwa lugha ya huko, aliyojifunza shuleni.
"Chewa ameung'ata mwezi. Na Bibi yangu hauoni."

Mzee Odvar akainua kichwa. Akatazama. Akatazama sana.
"Amefika nusu," alisema.
Akaingia ndani. Pa! Mlango ukafungwa.

"Amekasirika," alisema Zuwena.
"Amekasirika kweli," alisema Mama.

Mlango ukafunguka tena. Mzee Odvar alikuwa amekumbatia sufuria kubwa, kubwa kuliko tumbo lake. Na kofia ameivaa upande.
"Kisufuria chenu hicho!" alisema. "Chewa mzima atakisikia wapi?"

GONG'! GONG'! GONG'!
Jirani wa juu akaja na vifuniko. Watoto wa nyumba ya pili wakaja na vijiko.
KWANG'! GONG'! Ting'i-ting'i-ting'!
*Chewa, chewa, tema mwezi!*
*Mwezi si wako, ni wetu sote!*

Mwezi ukaanza kurudi. Kidogo. Kidogo. Kidogo tena.
Mweupe. Mviringo. Mzima!
"Ameutema!" walipiga kelele wote, na Mzee Odvar kuwashinda.

"Bibi," Zuwena alinong'ona kwenye simu, "chewa yupo?"
"Hayupo, mjukuu wangu. Ni kivuli."
"Sasa kwa nini tunapiga sufuria?"
"Hapo nje uko na nani?"

Zuwena akageuka, akatazama. Mzee Odvar alikuwa akimfundisha Mama kucheza kwenye theluji. Mama alikuwa akimkanyaga miguu.
"Niko na watu wote, Bibi."
"Basi," alisema Bibi. "Ndiyo maana."

Usiku ule Zuwena aliingia kitandani na vidole vya moto na koo lililokauka. Dirishani, mwezi mzima ulimtazama.

Mara, kutoka chini, fagio likagonga. Pole pole.
Ko. Ko. Ko.

Zuwena akashusha mkono, akagonga sakafu.
Ko. Ko. Ko.

Lala salama, Mzee Odvar.
Na Zuwena naye akalala.