Shimo la Makumbi la Bi Mwanamize

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Nusaiba alifagia uwanja, akabandika chai ya rangi, kisha akampelekea baba yake kikombe kwenye lango la Kinu. Kinu ndilo jina ambalo watu wa Mitamboni walikipa kiwanda cha usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kilichofungwa kabla Nusaiba hajazaliwa. Mabati yake yamekula kutu na mashine zimeota majani, lakini baba yake, Msellem, aliyekuwa fundi pale, hakuacha kwenda kukaa langoni. "Mwaka huu kitafunguliwa, inshallah," alisema. Mwaka jana alisema hivyohivyo, na mwaka juzi pia. Jamani, ahadi hailiwi! Vijana wenye nguvu walishahama, maduka yalibaki mawili, na nyumbani kwa Nusaiba siku nyingine jiko halikuwashwa mchana kutwa.

Waliobaki na kazi ni wanawake. Kazi iliyofanywa zamani na mashine, wao waliifanya kwa mikono. Walifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani, wakayaacha miezi mitano au sita yalainike, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa magongo mpaka usumba utoke. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, na kila shimo lilikuwa na kijiti kilichofungwa kitambaa cha mwenyewe. Shimo la mtu haliguswi. Hata mwenyewe akifa, huachiwa warithi wake.

Mwezi huo wa Shaabani, mama yake Nusaiba, Bi Asya, alichomwa mguu na mwiba wa samaki taa huko pwani. Mguu ukavimba, akawa hawezi kusimama. Na hapo ndipo Bwana Suhail, fundi wa magodoro kutoka Wete, alipoleta habari: Alhamisi atakuja kuchukua gunia tatu za usumba kwa Bi Asya. Akizikuta tayari, atanunua Mitamboni kila mwezi. Asipozikuta, atakwenda kununua Wambaa.

"Zikikosekana gunia hizo," Msellem alimwambia Nusaiba bila kumtazama usoni, "utakwenda Unguja kwa shangazi yako ukalee watoto. Hapa sina cha kukulisha, mwanangu."

"Na skuli, baba?"

Msellem alishika njia ya Kinu. Nusaiba alikuwa darasa la sita, na mtihani ulikuwa mbele yake. Akachukua jembe na karai, akaenda pwani kulifukua shimo la mama yake.

Alifukua, akakuta makumbi magumu kama siku nazi zilipofuliwa. Alijua sababu, na hakuna mwingine aliyeijua. Mwezi wa Maulidi, mama yake alipokuwa ndani ya arubaini ya mtoto mchanga, alimtuma akafukie makumbi yale. "Fukia chini kabisa, pale maji yanapofika kila siku," alimwambia. Lakini huko chini matope yalimfika Nusaiba magotini, na karai lilikuwa zito. Basi akafukia juu, karibu na miti ya mikandaa, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, bahari inapojaa sana. Aliporudi alisema, "Nimefukia ulikoniambia, mama." Sasa uongo ule ulikuwa mbele yake, mkavu, na siku zilizobaki ni mbili.

Alilia peke yake pale matopeni. Wanawake wote walikuwa wamekwenda kwenye hitima kijiji cha pili. Hatua chache chini yake kilisimama kijiti chenye kitambaa cha kijani, cha Bi Mwanamize. Bi Mwanamize alikuwa mjane, jirani yao, aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine ya Kinu. Shimo lile ndilo alilolitegemea kwa futari ya mwezi mzima wa Ramadhani. Nusaiba alilijua hilo. Akalifukua hata hivyo! Makumbi yalitoka laini, meusi, yananuka kama yanukavyo yaliyoiva. Akatia yale yake magumu ndani ya shimo la mjane, akalifunika, akakirudisha kijiti kilipokuwa.

Mama yake alipoyaona makumbi alifurahi mpaka machozi yakamtoka. "Allah akubariki, mwanangu. Umetuokoa." Nusaiba alitamani ardhi ipasuke.

Siku ya pili, Jumatano, hakwenda skuli; aliponda tangu asubuhi mpaka mikono ikatoka malengelenge, na hata gunia moja halikujaa. Baada ya alasiri akasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanamize, gongo lake begani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nimesikia kazi imekuelemea. Mama yako mgonjwa, nikae nikutazame tu?" Akaketi, akashika gongo kwa mkono wake wenye vidole vitatu, akaanza kuponda. "Haya yameiva, wallahi! Mama yako ana mkono. Na mimi yangu namuomba Mungu yatoke hivihivi."

Alikuwa akimpondea makumbi yake mwenyewe, masikini, naye hajui. Kila gongo lilipoanguka, Nusaiba aliliona kama limempiga yeye. Gunia la kwanza likajaa, la pili likafika nusu. Akiendelea kunyamaza, kesho Bwana Suhail atachukua, na yeye Nusaiba atabaki skuli. Akisema, atakwenda Unguja. Gongo likamtoka mkononi.

"Ni yako," alisema.

"Nini yangu?"

"Makumbi haya, Bi. Nimelifukua shimo lako. Yetu hayakulainika. Niliyafukia juu kwa uvivu, nikamdanganya mama."

Bi Mwanamize aliweka gongo chini. Kisha akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti. Bi Asya, aliyekuwa amelala ukumbini, alijiburura mpaka mlangoni. "Yarabi! Mwizi ndani ya nyumba yangu? Bi Mwanamize, chukua mzigo wako wote. Na gunia nitakutilia kwa mikono yangu."

Wakati huo Msellem alikuwa amerudi, amesimama uwanjani, amesikia kila neno. "Nilimtia mtoto hofu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini cha kumlisha bado sina. Atakwenda Unguja kesho."

"Haendi!" Bi Mwanamize alifuta machozi. "Akienda, nani atanilipa jasho langu? Gunia hizi ni zangu, na Bwana Suhail nitampa mimi. Nitamwambia usumba ni wa wanawake wote wa Mitamboni, kila mwezi mwanamke mmoja na zamu yake. Ile zamu ya Asya atafukia mtoto huyu, na wewe baba yake utamchukulia karai. Lango la Kinu lina miaka linakutazama tu."

Msellem aliinama, akaokota gongo lililoanguka, akaketi kuponda.

Bi Mwanamize akamgeukia Nusaiba. "Wewe hukuiba kwa njaa. Uliiba kuuficha uvivu wako. Lau ungenijia ukasema, 'Bi, nimekosea,' ningekupa nusu ya shimo langu nawe ungelala usingizi. Kosa ukilisema siku ile ile, mtu hukusaidia. Ukilifukia, mwanangu, siku utakayolifukua litakuwa limekuwa wizi. Haya, ponda, jua linakwenda."