Karavati la Watu Wawili

Honi ilipigwa giza likianza kuingia, nami nikaendelea kunywa chai. Nilijua ni nani. Mzee Gaudensi, jirani yangu, alikuwa amerudi kutoka Inyonga na kirikuu chake, kigari cha mizigo, kimejaa madumu ya asali, na bajaji yangu ilikuwa imekaa juu ya karavati. Alitaka niiondoe. Mimi nilitaka asubiri.

Tangu barabara ya mtaa wetu hapa Mpanda ichongwe, mtaro mrefu unapita mbele ya nyumba zetu, na pa kuvusha gari ni mahali pamoja tu: karavati la zege, nusu kwangu, nusu kwake. Tulilichangia wote wawili. Aliyewahi ndiye analaza chombo chake pale. Mwingine anakiacha barabarani na asubuhi anakuta betri haipo. Tumetukanana kwa ajili ya zege lile mpaka mwenyekiti wa mtaa akatuchoka. Siku moja alishauri tulivunje, kila mtu ajenge lake, tukamgeukia yeye. Kwa hilo tu mimi na Gaudensi tulikuwa kitu kimoja.

Fundi aliyelimwaga ni Révérien. Huyo alikuwa zaidi ya rafiki. Tulikulia pamoja Katumba, mashamba ya wazazi wetu yakipakana, na Aurélie wangu alipobatizwa, ndiye aliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo. Kila ugomvi ulipochacha nilikimbilia kwake, na kila mara aliniambia nikaze. Karavati ni langu, alisema, nisikubali liguswe.

Wakati huo nilikuwa na jambo kubwa kuliko maegesho. Aurélie alikuwa hasemi. Mtoto wa miaka saba, mdomo mpaka redio inamwonea wivu, aliamka asubuhi moja akafungua kinywa na kisitoke kitu. Hospitali walisema koo lake zima. Kanisani walimwombea, Révérien akampakata huku machozi yanamtoka. Yote yalitokea wiki ileile karavati lilipomwagwa, na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikaona mkono wa Gaudensi. Nilimtangaza mchawi mtaa mzima. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira, na hasira ilinitosha.

Basi honi ikalia tena. Nikatoka kwa mwendo wa kumkera, nikaketi kwenye bajaji, nikachomeka ufunguo.

Sikuuzungusha.

Chini yangu kulikuwa na mtu anaimba.

"A... e... i... o... u..."

Taratibu. Kwa kuburuta, kama watoto wa darasa la kwanza wanavyoimba wakichoka.

Ilikuwa sauti ya Aurélie.

Niligeuka kutazama nyumbani. Mlango ulikuwa wazi, taa inawaka. Aurélie alikaa mkekani karibu na mama yake, wanachambua maharage. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Gaudensi alishuka kwenye gari akija kunifokea. Nilimwinulia mkono anyamaze. Akasimama, akasikiliza, akavua kofia.

"Baba Aurélie," alinong'ona, "mwanao yuko huko chini?"

"Mwanangu yuko ndani."

Tuliteremka mtaroni wote wawili, mimi na mtu ambaye sikuwa nimemwamkia tangu masika. Mtaro wetu unanuka, kila mtu anajua. Lakini pale chini palinukia mafuta ya mtoto, yaleyale tuliyokuwa tukimpaka Aurélie akitoka kuoga. Niliwasha tochi ya simu nikamulika juu.

Pindo la kitambaa cheupe lilikuwa limechomoza kwenye zege. Lilikuwa na lesi, tena limelowa, ilhali mtaro ulikuwa mkavu. Lilivutwa ndani kidogo... likatoka. Likavutwa... likatoka.

Lilikuwa linapumua.

Nililitambua. Ni gauni lake la ubatizo. Kwetu gauni hilo halivaliwi tena wala halitolewi kwa mtu, linatunzwa mpaka mtoto apokee komunyo ya kwanza. Mke wangu, Emelyne, alilifungia sandukuni mwake. Sikuelewa limefikaje pale, na sikuwa na nafasi ya kuwaza.

Gaudensi alikuwa amenishika bega.

"Révérien aliniambia unataka kulivunja ili unikomoe," alisema. "Akaniambia karavati ni langu. Nisikubali liguswe."

Maneno yaleyale. Hata hakujisumbua kuyabadilisha.

Nilikaa chini mle mtaroni. Nimewahi kuibiwa, nimewahi kufiwa, lakini sijawahi kuumia namna ile. Mwanangu alikuwa amezikwa sauti mlangoni pangu, na yule niliyemkabidhi ubatizo wake alikuwa ameniweka mlinzi wa kaburi. Gaudensi alikuwa mlinzi wa pili. Kwa kuwa tuligombana, kila mmoja alihakikisha mwenzake haligusi.

Nilimwomba mzee msamaha palepale. Akasema tutasameheana baadaye, akaenda kuleta mtaimbo. Tuliisukuma bajaji barabarani, nami nikachukua nyundo kubwa.

Pigo la kwanza, wimbo ulikatika. La pili, kikaja kilio. Nilipoinua nyundo mara ya tatu, sauti ikatoka kwenye ufa, ndogo kabisa.

"Baba... polepole."

Nilimwachia Gaudensi nyundo. Sikuweza. Alipiga yeye huku akilia, mzee wa watu, mpaka zege likagawanyika na gauni likaanguka mtaroni. Lilikuwa kavu. Halikupumua tena. Na kule ndani ya nyumba mtoto akaita "Baba!" kwa nguvu zake zote, nami nikakimbia, nikamkuta anaongea, anaongea, maharage yote yamemwagika. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Halafu nikachukua nyundo nikaenda kwa Révérien kwa miguu.

Nilimkuta uani, juu ya kigoda, mkewe anampiga mgongo akidhani amepaliwa na ugali. Kinywa kilikuwa wazi. Hakikutoka kitu. Aliponiona alijaribu kusimama, akashindwa. Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza nani alimtuma, amepewa nini, na mtoto wangu alimkosea wapi. Nikampa simu yangu aandike. Aliishika, akaitazama, akanirudishia bila kugusa herufi. Ile nyundo niliibeba tu nikarudi nayo.

Jumapili, jua likizama, alikuja mwenyewe. Akakaa juu ya kipande cha zege kilichobaki mbele ya nyumba yetu, kichwa chini. Gaudensi alimwona kupitia dirisha akafunga pazia. Nilisimama mbele ya Révérien nikamuuliza tena, safari hii kwa upole, maana bado nilikuwa namkumbuka yule tuliyekua naye, na nilitaka awepo mtu mwingine wa kulaumiwa.

Révérien alichezesha midomo. Hakuna sauti.

Aurélie alitoka ndani kabla sijamzuia. Alimsogelea baba yake wa ubatizo bila woga, akaweka sikio karibu na kinywa chake, akatikisa kichwa kukubali, kama vile anapewa ujumbe wa dukani.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema gauni hakuiba. Alipewa." Akanitazama. "Anasema umuulize mama."

Nyuma yangu, mlangoni, nilisikia beseni la nguo likiwekwa chini taratibu.

Sikugeuka haraka. Nilitaka niendelee kuwa na mke kwa muda kidogo zaidi.