Kitabu cha Sala cha Katekista Salvatory

Kiangazi kile, pamba imekwisha kuvunwa na vumbi la kijiji cha Kasoli linaingia hadi kwenye vyungu, kitabu kimoja nyumbani kwa Wilhelmina kilikutwa kimelowa.

Kilikuwa kitabu cha sala cha marehemu baba yake, katekista Salvatory. Kila siku mzee alilamba kidole gumba, ugoro ukiwa mdomoni, ndipo akafunua ukurasa, mpaka pembe za kurasa zikawa nyeusi na kunata kama ngozi mbichi ya ng'ombe. Aliomba azikwe nacho. Wilhelmina alikichomoa jenezani kifuniko kikiwa karibu kupigwa misumari, akakitunza kabatini kama kito.

"Kinanuka mdomo wa mtu," alilalamika Masalu, mumewe.

"Ni baraka za baba."

"Baraka gani zinavutika kama kamasi, mama Precious?"

Precious, binti yao mdogo, aliposhikwa na homa, mama alimlaza kichwa juu ya kitabu. Mtoto aliamka shavu limepakwa ute mzito wa kahawia, unaonuka ugoro na jino bovu. Akakohoa kikohozi cha mzee. Uji akaukataa; akawa ananyonya pembe za kurasa, huku macho yake yakizidi kudidimia.

Masalu alikwenda Bukundi, akarudi na mganga, Bibi Ndaki. Bibi alikinusa kitabu, akageuka pembeni, akatapika.

"Huyu si baba yako, mayu," alimnong'oneza Wilhelmina, akimwita mama kwa Kisukuma. "Baba yako amelala. Hili ni jini, limenogewa na mate ya mtu wa sala. Mate yale yamekwisha, sasa linamlamba mtoto."

"Tukichome," alisema Masalu.

"Utamchoma na binti yako. Aliyekitoa jenezani ndiye akilambe, pembe zote, ateme kaburini kwa baba yake. Lakini asimeze."

"Nitalamba mimi."

"Wewe ndiye uliyekitoa?"

Masalu akamfunga mtoto mgongoni.

Wakaenda kaburini, mtoto amelegea mgongoni kwa baba yake. Wilhelmina alipiga magoti akalamba, akatema, akalamba tena, na kila pembe ilikuwa ya uvuguvugu na laini kuliko iliyotangulia, ute ukimjaa mashavuni, vipande vya ugoro wa zamani vikimkwama kwenye meno, mpaka alipofika pembe ya mwisho kabisa, na pembe ile, badala ya kungoja kulambwa, ikamlamba yeye.

"Mama, uji!" aliita Precious, kwa sauti yake mwenyewe.

Kwa furaha, Wilhelmina akameza.

Masalu alikuwa akicheka na kulia, amemkumbatia mtoto. Bibi Ndaki alikifukia kitabu, akakanyaga udongo.

"Umetema yote, mayu?"

Wilhelmina aliitikia kwa kichwa tu. Hakuthubutu kufungua mdomo mbele ya mwanawe, kwa maana humo ndani ndimi zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imeanza kusali.