Maji ya Mfuko

Mshonaji aliona pengo kwanza. Samaki wake wadogo, wenye mstari wa buluu ubavuni, ni wa kundi. Ukimtenga mmoja anasinyaa mpaka anakufa. Lakini asubuhi ile walizunguka pahali patupu katikati ya tangi, kama watu wanaompisha mkubwa njiani.

"Mmenuniana?" akawatania, akarudi kwenye cherehani.

Tangi alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, alipojifungua. Wifi huyo alimpikia uji, akamkanda mgongo, akamfulia nepi bila kukunja uso. Ndiye aliyemfundisha pia kufuga: mfuko wa samaki wapya uelee kwanza tangini, kisha uwachote kwa wavu, na maji ya mfuko ukayamwage nje. "Maji ya watu usiyaingize kwako, wifi yangu. Hujui yana nini."

Lakini juzi alipoleta samaki wa kwake mwenyewe, alisema, "Hawa mimina na maji yao. Si wa nyumbani?"

Mshonaji akamimina. Nani amkague mtu anayemfulia nepi?

Alasiri nyumba ikanuka nywele zilizoungua. Pampu ya hewa, iliyozoea kububujika, ikaanza kuguna polepole, mm-hm, mm-hm, kama mtu anayekubali anachoambiwa. Mtoto alikuwa mkekani. Akageuza shingo kushoto, na samaki wote wakageuka kushoto. Akageuza kulia, nao wakageuka kulia, na lile pengo katikati yao likasogea mpaka kwenye kioo, likatulia usawa wa uso wa mtoto, na mtoto akalichekea kama anavyomchekea mama yake akirudi sokoni.

Mshonaji akachomoa pampu. Mguno haukukoma.

Aliwachota samaki na maji yao, akafunga mfuko, akambeba mwanawe mgongoni, huyo mpaka kwa wifi, mtaa wa pili. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani mtoto wa wifi, aliyekuwa hoi kitandani tangu mwaka jana, alisikika akikimbia huku na huku akicheka.

"Wifi, fungua! Kuna kitu kwenye maji."

"Najua." Sauti ilitoka karibu, kama mtu ameegemeza paji la uso mlangoni.

"Unajua?"

"Mganga alisema hakiuawi, kinahamishwa tu. Mwanangu alikuwa ananiishia mikononi, wifi."

"Na wangu je?"

Komeo la pili likasukumwa kwa ndani.

"Ulinifulia nepi," mshonaji alinong'ona. "Ulinikanda mgongo."

"Nilikupenda kweli. Kisingekubali kwenda kwa mtu nisiyempenda."

Mshonaji akauinua mfuko. "Basi nakirudisha. Nauacha hapa hapa mlangoni pako."

"Watazame samaki kwanza," wifi alisema, akilia.

Akawatazama. Hawakuwa na pengo tena. Walikuwa wameshikamana kama ngumi, wamejibana upande wa mfuko ulioelekea mlangoni. Akauzungusha mfuko, wakakimbia tena kuelekea mlangoni, mbali naye. Akageuka, akaupa mlango mgongo, nao sasa wakajibana upande wa barabarani, bado mbali na kifua chake, wakitetemeka, wakimkimbia aliyembeba mgongoni.

Mgongoni, mtoto alimwekea shavu begani, kwa upole, akaguna.

Mm-hm.