Mashine Iliyouzwa Bila Kamba

Nilikuwepo. Nasema mapema kwa sababu hapa Kianjokoma kuna watu wengi wa kusimulia mambo waliyoyasikia kwa kinyozi, na mimi si mmoja wao. Nilikuwepo soko la Ruiri sanduku likinunuliwa. Nilikuwepo ndani ya chumba cha gemu kamba ilipokaza. Na macho yangu, ambayo daktari mmoja wa Embu aliyasifu mbele ya foleni nzima, hayakupepesa hata mara moja. Shule niliacha darasa la sita, lakini kuona hakufundishwi na mwalimu.

Mwaniki alikuwa na chumba cha gemu nyuma ya duka la dawa za mifugo. Televisheni moja, mabenchi matatu, na mashine kuukuu iliyochoka hadi wachezaji wa mpira walikuwa wanakimbia bila vichwa. Mke wake, Wambeti, alikuwa amechuma chai miaka miwili akiweka pesa za mtamba wa maziwa. Hata kamba ya huyo mtamba alishaisokota mwenyewe, ya katani, ikawa inaning'inia jikoni ikingoja. Marehemu baba yake alikuwa dalali wa ng'ombe Ruiri, kwa hivyo huko ndiko alikomtuma Mwaniki. Mimi nikaenda naye, maana Mwaniki hajui ng'ombe, na mimi ng'ombe wenyewe wananijua.

Pale sokoni, katikati ya vumbi na mbuzi, tukakutana na mtu mrefu mwenye koti la kahawia. Alikuwa akivuta sanduku la kadibodi chini kwa kamba, vile mtu anavyovuta ndama mkaidi. Juu ya sanduku kulikuwa na picha ya mashine mpya ya gemu, ile ya mwaka huu ambayo vijana wanaiota. Limeburutwa soko zima, na chini halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikatazama chini ya lile koti nikaona kwato. Mbili, nyeusi, zimepasuka katikati. Nikamkanyaga Mwaniki mguu, lakini Mwaniki alikuwa ameshapotelea kwenye picha.

Mwaniki akatoa pesa za mtamba, na yule mtu hakuzihesabu. Alizitia mfukoni zote, akainama, akafungua fundo.

"Mashine nenda nayo," akasema. "Kamba nabaki nayo."

"Si ndiyo desturi?" Mwaniki akacheka. "Baki nayo, mzee. Sanduku halitoroki."

"Sanduku halitoroki," yule mtu akakubali, akiizungusha kamba mkononi polepole.

Tulipofika nyumbani Wambeti alilizunguka lile sanduku mara mbili. "Baba Mugendi," akamuuliza mumewe, "hii inakamuliwa wapi?" Kisha akaingia jikoni, na kwa wiki mbili hakumpa mumewe neno lingine isipokuwa chakula.

Mashine yenyewe ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Nyasi za uwanjani ungefikiri zimenyeshewa asubuhi. Shida ilikuwa moja: haikufunguka bila mtandao, na kila asubuhi kabla ya mchezo ilikuwa inaandika kwa herufi nyeupe, MWENYE MASHINE, UPO? Mpaka Mwaniki abonyeze NIPO, hakuna kitu.

"Yaani umeinunua na bado inakuuliza?" Kinoti akasema. Huyo ni wa bodaboda, na shavu lake halikosi muguka, yale majani ya kutafuna.

"Siku hizi zote ziko hivyo," akasema Celina wa saluni, ambaye kwa kupiga mabao aliwashinda wanaume wote wa soko. "Kampuni zinaogopa wezi. Bila intaneti hata gemu uliyolipia haichezeki."

"Basi hujanunua, umeazimwa. Mimi nikikuuzia mbuzi, nije zizini kwako kila asubuhi niulize kama bado uko naye?"

"Wewe ukija zizini kwangu na huo uso, Kinoti, mbuzi mwenyewe atahama."

Tukacheka. Wakalalamika, wakatukana kampuni, wakaendelea kucheza. Na hivyo ndivyo jini lilivyoingia kwetu, kwa mlango wa kero ambayo kila mtu alishaizoea. Likaanza kuuliza asubuhi na jioni. Kisha kila saa. Watu wakasema, ni kampuni hiyo, imezidi.

Halafu upepo ukaangusha mnara wa simu, na Kianjokoma nzima ikakaa siku tatu bila mtandao. Simu zetu zilikuwa tochi tu. Mashine ikauliza vilevile. Mwaniki akabonyeza, ikakubali.

"Inaongea na nani?" Celina akanong'ona.

Ndipo tukaona maneno yamebadilika. Sasa iliandika, MWANIKI WA IRERI, UPO? Na jina la Ireri, baba yake, Mwaniki hakuwahi kuliingiza popote kwenye ile mashine.

Siku iliyofuata Kinoti alimbeba kwa pikipiki kwenda Embu. Walipofika Manyatta, Kinoti akasikia mgongo wake umekuwa mwepesi. Alirudi, Mwaniki nyuma yake amejaa matope.

"Hakuanguka," akatuambia chini chini. "Niliangalia kwa kioo. Alitoka kitini akirudi nyuma. Alivutwa."

Shingoni mwa Mwaniki kulikuwa na mstari mwekundu, na ndani ya mstari alama ndogondogo za msokoto. Kesho yake hakuweza kupita kituo cha kununulia chai. Keshokutwa yake, hakuweza kuvuka hata barabara. Kila alipobonyeza NIPO, ulimwengu wake ulipungua. Akaanza kulala juu ya benchi, kwa sababu nyumbani kwake, ng'ambo ya kijito, hakufiki tena. Siku moja akaamua, sibonyezi. Tukasikia kitu kikikazwa hewani, shingo ikainama, ikainama, mpaka paji lake la uso likabonyeza kitufe lenyewe.

Tulimwita Vincent, fundi wa redio, aifungue. Akatoa skrubu nne, akainua kifuniko, akakirudisha haraka kama mtu aliyefungua choo chenye mtu.

"Hamna nyaya," akasema.

"Kuna nini?"

"Kupe."

Wawili walikuwa wameshatoka kwenye matundu ya hewa, wanene, wa kijivu, wameshiba. Vincent aliacha bisibisi yake pale na mpaka leo hajaiulizia. Mchungaji alikuja pia. Aliomba, televisheni ikazima, tukasema amina, na kabla amina haijaisha ikawaka.

Siku ya mwisho ilikuwa mwezi wa Julai, saa tisa mchana, ukungu umeshuka hadi duka la mbele halionekani. Kwenye skrini hakukuwa na timu wala mashabiki, ni uwanja mtupu, na pale katikati, kwenye duara la kuanzia mpira, nyasi zilikuwa zimeliwa hadi udongo na kigingi kimesimama. Harufu ya ngozi mbichi ilikuwa imepanda hadi Celina akajifunika pua kwa leso, na juu kwenye boriti, pasipokuwa na kitu chochote, tulisikia kamba ikilia kriii, kriii, vile inavyolia ng'ombe mzito akiivuta kutoka kwenye kigingi, na Mwaniki aliyekaa mbele akaanza kuteleza kuelekea kwenye televisheni, bila kuinuka, yeye na benchi lake pamoja, kucha zikichimba mbao, na kila alivyoteleza lile duara likazidi kuwa dogo, na mimi ambaye siogopi kitu nilishika mguu wa benchi kwa mikono miwili nikajiona na mimi ninakwenda.

"Mwiteni Mama Mugendi," Mwaniki akasema kwa sauti ya mtu anayekabwa. "Tafadhali. Nimuone."

Celina akatoka mbio. Wambeti alipoingia alikuwa na ile kamba ya jikoni begani. Alitazama shingo ya mumewe tu.

"Baba Mugendi, nijibu haraka. Pesa alihesabu?"

"Hapana."

"Basi hakutaka pesa. Kamba akabaki nayo?"

"Si ndiyo desturi..."

"Desturi ni muuzaji abaki na yake, na mnunuzi afunge yake palepale, kabla mnyama hajapiga hatua. Wewe ulifunga nini?"

Mwaniki akatazama mikono yake mitupu.

"Baba alikuwa akisema, anayetoka sokoni bila kamba mkononi, huyo ndiye aliyeuzwa." Akashusha kamba begani, akaigeukia televisheni, akapaza sauti ya madalali. "Mwenye mnyama! Upo?"

Boriti ikanyamaza. Kwenye skrini herufi zikaja moja moja. NIPO.

"Pesa ulizochukua ni zangu. Nilizichuma jani kwa jani. Huyu nilimtuma tu. Mnunuzi ni mimi, na sijachagua."

Sauti ikatoka kwenye spika, ya upole, ya mtu mwenye muda. "Chukua mashine, mama. Huyu ni mzuri, nabaki naye."

"Mzuri? Goti la kushoto linalia akipanda kilima. Anakula ya wawili. Anakoroma mpaka kuku wanashuka mtini. Ukimtuma mtamba anakuletea sanduku."

Kinoti alitaka kucheka, akameza muguka wake.

"Anajibu akiitwa," sauti ikasema.

"Anakujibu wewe. Mimi nimemwita miaka kumi na tano atengeneze bomba, bado nangoja."

"Sasa kama ni mbovu hivyo, unamtakia nini?"

Hapo Wambeti akasita. Dalali akiulizwa hivyo hupandisha uongo, na sote tulingoja uongo.

"Nimemzoea," akasema polepole. Kisha akapiga mguu chini. "Mashine mpya chukua wewe, mbovu nachukua mimi. Kamba yako baki nayo. Mimi nimekuja na yangu!"

Kabla neno halijaisha alikuwa ameshamzungushia Mwaniki kamba kiunoni na kukaza fundo la ng'ombe, lile lisilofunguka kwa kuvutwa. Kitu kikaachia hewani. Benchi likapinduka, Mwaniki akaanguka miguuni pa mkewe akihema.

Tukadhani imekwisha. Skrini ikaandika tena, MWANIKI WA IRERI, UPO?

Nikaona mdomo wake ukifunguka wenyewe, kwa mazoea. Wambeti akauziba kwa kiganja. Ikauliza mara ya pili. Ikauliza mara ya tatu, na safari hii ikasoma majina yetu sote tuliokuwa mle ndani, na tukakaa kimya, hata Celina, ambaye hajawahi kukaa kimya saluni wala kanisani. Kisha ikazima.

Tuliibeba hadi kwenye josho la ng'ombe tukaitosa. Ilizama bila kutoa povu. Wambeti alimvuta mumewe kwa kamba kupita sokoni mchana kweupe, ng'ambo ya kijito, mpaka nyumbani, na hakuna mtu aliyecheka. Bomba lilitengenezwa kesho yake.

Hayo yote ni kweli, nayashuhudia. Nimeongeza jambo moja tu, na nalisema kwa sababu Jumanne iliyopita nilimwona yule mtu tena, soko la Manyatta, akivuta sanduku lingine, na watu wamemzunguka wakiuliza bei. Kwato hazikuwepo. Nilizitia mimi, kwa kuwa nyinyi bila kwato hamwamini jini. Alikuwa amevaa gambuti, buti za mpira kama hizo zako, na alipozivua kumwaga kokoto, vidole vilikuwa vitano kila mguu, kama vyetu.