Kapsuli Kwenye Uji

Mwatumu alimkanyaga Idarusi kwenye msongamano wa dirisha la dawa, hospitalini Tanga.

"Dada, tumbo tayari linaniuma, sasa na mguu! Unataka nibaki na nini?"

"Na huo mdomo. Naona bado mzima."

Walicheka mpaka watu wakageuka. Kanzu ya Idarusi ilimpwaya kwa kukonda, lakini macho yake, subhanallah! Miezi mitatu baadaye posa ikajibiwa, harusi ikapangwa baada ya Idi.

Idarusi alikuwa na vidonda vya utumbo, naye alikubali kujaribiwa dawa mpya. Tatizo, kapsuli zilimkwama kooni.

"Leo nimeitapika tena," alilalamika kwenye simu.

"Niachie mimi, roho yangu."

Kila asubuhi Mwatumu alitoka kwao Mabawa na chupa ya uji wa nazi, akampelekea nyumbani kwake. Alifungua kapsuli, akamwaga unga wake kikombeni, akakoroga.

"Mtamu?"

"Mkononi mwako hata shubiri ni tamu."

Mwezi wa pili Idarusi akaanza kuharisha damu. Dokta Godlisten, msimamizi wa majaribio hayo, akamuuliza Mwatumu kwenye ujia wa hospitali, "Dawa anameza vizuri?"

"Namfungulia kwenye uji, daktari."

Daktari akavua miwani. "Mama, chembe za dawa ile ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Ganda ndilo linalozilinda zisiunguzwe na asidi ya tumbo, mpaka zifike utumboni na kunata kwenye utando wake. Ukilifungua, zinaharibikia njiani. Sasa itabidi tumpasue. Na lazima ajue. Nimwambie mimi?"

"Niachie mimi."

Idarusi akakatwa kipande cha utumbo, akapelekwa kijijini Moa kwa dada yake kupumzika. Kila simu alizilaani dawa zile na waliozitengeneza, na kila simu Mwatumu alinyamaza, akiiona harusi mbele yake. Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, alishindwa kuinuka kwenye mswala kabla hajampigia.

"Idarusi, dawa ilikuwa nzima. Niliiharibu mimi, kwa kuifungua."

"Umejua lini?"

"Kabla hujapasuliwa."

"Na ukaniacha niwatukane watu wiki tatu?"

"Niliogopa kukukosa."

Alimsikia akipumua kwa shida. "Nimekusamehe, Mwatumu, Mungu shahidi. Ila kula mkononi mwako siwezi tena. Na mke nisiyeweza kula mkononi mwake, nitamwoaje?"

Simu ikakatika. Mwatumu akainua mikono. Tangu posa, dua yake ilikuwa moja: Yarabi, nipe Idarusi. Leo aliomba, "Yarabi, mponye," akasita, kisha akaitikia mwenyewe, amina.