Kwani Maji Huliwa?

Kijijini Mitunguu kulikuwa kumekucha na joto lake. Joyline aliketi kwenye kivuli cha jiko akimnyonyesha mwanawe, Kiunga. Mtoto alikuwa na miezi minne, lakini mikono yake ilikuwa myembamba kama vijiti. Alikuwa akiharisha tena.

Mwaniki akapiga hodi. Alikuwa kijana wa Embu, mwanafunzi wa shahada ya pili ya afya ya umma, na sasa alikuwa msaidizi katika utafiti wa lishe ya watoto wachanga.

"Karibu, daktari," akasema Ciakuthii, mama mkwe wa Joyline.

"Bado si daktari, shosho," Mwaniki akamjibu bibi huyo. "Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi mwenye ndevu hizo? Walimu wako wana kazi!"

Wakacheka. Mwaniki akawaeleza kazi yake, na kwamba asiyetaka kujibu halazimishwi. Wakakubali.

"Mtoto anakula nini?" akauliza.

"Hali kitu," Joyline akajibu. "Ni maziwa yangu tu."

Mwaniki alijikuna kichwa. Kila boma lilimpa jibu hilo zuri, na bado watoto waliharisha. Kosa lilikuwa wapi?

Kiunga akalia. Ciakuthii akachota maji mtungini kwa kikombe, akamtilia kijiko mdomoni.

"Shosho! Si mmesema hali kitu?"

"Kwani maji huliwa?" Ciakuthii alimshangaa. "Huko kwenu Embu mnatafuna maji?"

Mwaniki aliruka juu. "Ndiyo hiyo! Kosa ni langu! Nauliza anakula nini, siulizi anakunywa nini!"

"Huyu amechomwa na jua," Ciakuthii akamnong'oneza Joyline.

"Sikieni," Mwaniki akasema, macho yakimwaka. "Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mtoto, hata kwenye joto hili. Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji, maziwa yatakaa wapi? Na maji yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Mpaka atimize miezi sita, mpeni maziwa ya mama peke yake, na dawa akiandikiwa kliniki."

"Na akiwa na kiu?" Joyline akauliza.

"Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji unywe wewe. Lakini leo mpelekeni kliniki, macho yake yameanza kuingia ndani."

"Wanangu wote walikunywa maji," Ciakuthii akafoka, "na baba yake huyu anabeba mikungu ya ndizi kama mchezo!" Kisha sauti ikashuka. "Wote walikua, ila Mbaka. Alituacha akiwa mdogo hivi."

Ciakuthii akayamwaga maji ya kikombe chini.

"Joyline, chukua leso ya kumbebea mtoto. Twende kliniki."

Kuanzia siku hiyo Mwaniki na wenzake waliuliza vingine: "Tangu jana, ni kitu gani kimeingia mdomoni mwa mtoto, hata tone?" Majibu yakafurika: maji, uji mwepesi, chai ya rangi! Na kila walipopata jibu la kweli, walipata pa kuanzia kufundisha.

Wiki kadhaa baadaye, Mwaniki alirudi. Kiunga alikuwa ameacha kuharisha, na mapaja yake yalikuwa yamejaa. Jirani yao, Kananu, alikuwa amembeba.

"Maskini, joto hili! Mpeni maji kidogo," Kananu akasema, akichukua kikombe cha maji.

Ciakuthii alisimama kama askari.

"Weka hicho kikombe! Kiu ya mtoto huyu hupita kwa mama yake."

Akampa Joyline kikombe. Joyline akakinywa chote, akajipangusa midomo, akampokea mwanawe.